Mashine Haijafa

Liko neno moja ambalo siku hizi linasemwa kwa wepesi mno katika ofisi, shule na vyuo vyetu, nalo ni hili: "imepitwa na wakati". Halisemwi juu ya sheria mbaya wala juu ya desturi iliyochakaa. Linasemwa juu ya kompyuta yenye umri wa miaka minane au kumi, ambayo haijavunjika wala haijaungua, umeme unaingia na taa yake inawaka, ila ni nzito kufunguka. Mtu akishalitamka neno hilo hakuna anayemwuliza zaidi. Kamati hutikisa vichwa, mfuko wa michango ya wazazi hufunguliwa, na mashine ishirini hurundikwa stoo pamoja na madawati yaliyovunjika miguu.

Mimi, ndugu msomaji, nalikataa neno hilo. Sikusomea kompyuta. Nilisomea ualimu, nikafundisha, nikaishia kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kompyuta ya kwanza iliyofika ofisini kwangu karani wa masjala aliifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya harusi, na kila asubuhi alikifua kitambaa lakini mashine haikuwashwa. Lakini mtu hahitaji kuwa mhandisi ili ajue kwamba anadanganywa. Anahitaji tu kuuliza swali la pili.

Ninachodai ni hiki. Kompyuta nyingi tunazoziita mbovu si mbovu, zimelemewa. Zana za kuzipunguzia mzigo zipo, ni za halali, hazidai ada ya leseni, na maandishi ya ndani yake yameachwa wazi ili ajuaye ayasome, ayasahihishe na kuyagawa. Ndizo ziitwazo programu huria. Mkuu wa shule au ofisa anayewatoza wazazi fedha za mashine mpya kabla hajazijaribu zana hizo anatumia vibaya mali ya umma, hata kama risiti zake zote zimepangwa vizuri kwenye jalada.

Sisi tunaoishi huku bondeni Jipe tunaujua ugonjwa huu kwa sura nyingine. Ziwa letu, ambalo nusu yake ni ya Kenya na nusu ni yetu, linameza matope yanayoletwa na mito, na matete yamelisonga hata njia za mitumbwi zinapotea. Asubuhi mvuvi anayasikia maji, anayanusa, lakini hayafikii. Mgeni akisimama ukingoni atasema ziwa limekufa. Mvuvi atakwambia kuna maji mbele, kilichokosekana ni njia.

Ndivyo ilivyo kompyuta. Nitaeleza kwa namna niliyokuwa nikiwaeleza walimu wanafunzi. Mashine ina meza na ina stoo. Meza ni ile kumbukumbu ya muda, ambako kazi inayofanyika sasa hivi huwekwa wazi. Stoo ni diski, ambako vitu hulazwa. Meza ikijaa, mashine hulazimika kukimbia stoo kila mara, kupeleka hiki na kuleta kile, na diski zile za kizamani zinazozunguka ni za polepole mno zikilinganishwa na meza. Mwalimu ambaye meza yake imejaa madaftari ya mwaka jana, kikapu cha vitumbua na kofia za wageni, naye akitaka kuandika jina moja tu kwenye rejesta lazima kwanza aende stoo mara tatu. Hapo utasema mwalimu amezeeka? Au utasema meza iondolewe takataka?

Na takataka hizo nani ameziweka? Kwa sehemu kubwa, wauzaji wa programu wenyewe. Kila toleo jipya linakuja na mambo ambayo hukuyaomba, yanayojiwasha yenyewe asubuhi kabla hujagusa kitufe. Katika shule moja ya sekondari ya huku chini, ambayo sitaitaja, nilikuta kompyuta moja ina antivirasi tatu, kila moja ikiwashuku wenzake wawili kuwa ndio wezi. Zilikuwa mashine ishirini na mbili za msaada, nyingi zikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti mbili au nne. Kuwaka hadi kuweza kuandika kulichukua karibu dakika kumi. Kipindi ni dakika arobaini. Fanya hesabu hiyo kwa mwaka mzima wa masomo, uone watoto wameibiwa nini.

Fundi aliyeitwa kutoka mjini alizipitia kwa nusu saa, akamwambia mkuu wa shule, "Hizi ni chuma chakavu. Uzeni kwa kilo." Kisha akaacha orodha ya bei za mashine mpya, ambazo, bila ya mshangao wowote, yeye mwenyewe ndiye angezileta. Kamati ikakaa, ikakadiria kila mzazi achange shilingi elfu arobaini. Msomaji wa mjini ataziona fedha hizo ni kidogo. Kwa mama wa huku ambaye mvua za vuli zimemkwepa na anauza mbuzi ili mtoto apate sare, fedha hizo ni mbuzi wa pili.

Kijana mmoja niliyemfundisha chuoni, sasa ni mwalimu wa fizikia, alipopita nyumbani wakati wa likizo nikamweleza. "Mkuu," akaniambia, "naomba siku mbili na flashi moja." Nikamfuata na kofia yangu. Alichofanya hakikuwa uchawi. Kwanza alifungua kila mashine na kupuliza vumbi. Vumbi la tambarare hii ni jekundu na laini kama unga, likiziba matundu mashine hupata joto, na prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ipo zana huria inayosoma vipimo vya joto vya ndani, na mashine moja ilishuka kwa nyuzi zaidi ya ishirini kwa brashi ya rangi ya shilingi elfu mbili! Pili, aliondoa mfumo wa zamani akaweka Linux, si ile yenye madoido, bali yenye sura nyepesi iitwayo Xfce, inayoiachia meza nafasi ya kazi. Tatu, aliwasha kitu kiitwacho zram.

Hiyo zram nimeipenda na lazima niieleze. Badala ya kukimbilia stoo meza inapojaa, mashine huchukua vitu visivyotumika kwa sasa na kuvikunja palepale mezani, kama mama anavyokunja nguo ili sanduku moja libebe za watoto wote. Kuvikunja na kuvikunjua kunaila prosesa kazi kidogo, lakini ni rahisi mno kuliko safari ya stoo. Iliingia rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2014. Mashine ya gigabaiti mbili ikaanza kujimudu kama iliyoongezewa kumbukumbu, na hakuna aliyelipa senti. Mwishowe akanionyesha htop, dirisha jeusi linaloorodhesha kila programu na kiasi inachokula. Nilikaa mbele yake kwa saa nzima. Kwa mara ya kwanza niliona ndani ya mashine kama mkuu wa chuo anavyotazama orodha ya mahudhurio: nani yupo, nani anafanya kazi, nani amelala darasani na bado anakula posho.

Mashine kumi na saba zilirudi kazini, zikiwaka chini ya dakika moja. Tatu zilitolewa vipuri kuwaponya wenzao. Mbili zilikuwa na prosesa za kale kabisa za biti 32 na kijana alinieleza kwa uaminifu kwamba hata huko kwenye programu huria mlango unafungwa: Debian, mojawapo ya mifumo mikubwa ya Linux, iliacha kutoa toleo la kusimika katika mashine za namna hiyo ilipotoa toleo lake la 13 mwezi Agosti 2025. Sitamficha msomaji jambo hilo. Lakini linganisha. Prosesa iitwayo 386 ilitoka mwaka 1985. Kiini cha Linux kiliendelea kuihudumia hadi mwishoni mwa mwaka 2012. Miaka ishirini na saba! Na ilipoachwa, sababu ilijadiliwa hadharani na yeyote angeweza kuisoma.

Sasa tazama upande wa pili. Mfumo wa Windows 10 ulitoka mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ikafunga huduma yake ya kawaida, ikiacha nafasi ya muda mfupi kwa masharti yake. Windows 11 iliyotoka mwaka 2021 inadai kijichipu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni, ambayo kwa sehemu kubwa inaanzia zile za miaka ya 2017 na 2018. Mashine iliyotengenezwa kabla ya hapo, hata ikiwa nzima na yenye nguvu ya kutosha, haimo. Watasema ni kwa ajili ya usalama, na sina ugomvi na usalama. Ugomvi wangu ni kwamba mtu aliye mbali sana na mimi, ambaye hajui vumbi letu wala mbuzi wetu, ameamua siku ya kufa ya mali niliyoinunua, nami sina hata kikao cha kupeleka rufaa.

Sisi Wapare tuna kumbukumbu na mambo ya namna hii. Mwaka 1945 wazee wetu walishuka milimani kwa maelfu wakakaa Same kuipinga kodi ya mbiru. Si kwamba walikataa kodi. Walikuwa tayari kulipa ya kichwa kama zamani. Walichokataa ni makadirio ambayo mlipaji hakuonyeshwa yamefikiwaje. Leo wajukuu wao wenye shahada wanapewa ankara ya mashine mpya na leseni mpya, wasijue hesabu imetoka wapi, na wanatia saini.

Inafaa tukumbuke pia kwamba nchi hii ilikwisha kugombana na kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza, baada ya zile za Hazina kuleta hasara na mkorogo wa mahesabu. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Wengi huicheka marufuku ile, na kweli ilituchelewesha. Lakini swali lililokuwa nyuma yake, kama ninavyolielewa, lilikuwa swali la mtu mzima: chombo hiki tukikinunua, nani atakijua kwa ndani? Marufuku iliondoka, swali likaondoka nayo, na ndilo tulilopaswa kubaki nalo.

Programu huria ilizaliwa katika swali hilohilo. Richard Stallman, mtaalamu wa Marekani, alikuwa na printa kazini iliyokuwa ikikwama karatasi. Alitaka kuirekebisha programu yake, akanyimwa maandishi. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma na kuubadili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland, akaandika kiini kilichokosekana, kwa mashine ya 386 aliyokuwa nayo chumbani, maana alitaka kuitumia nguvu yake yote. Leo simu za Android zilizo mifukoni mwetu zina kiini hichohicho cha Linux ndani yake, na tangu Novemba 2017 kompyuta zote mia tano zilizo katika orodha ya zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Kwa hiyo wale wanaoniambia "cha bure ni hafifu, Mwalimu" watafute hoja nyingine.

Tena neno "bure" lenyewe linawapoteza watu. Milimani kwetu kuna ndiva, mabwawa ya kukinga maji usiku ili mchana yafunguliwe mferejini kwa zamu. Maji ya ndiva hayauzwi. Je, ni ya bure? Muulize aliyekosa kwenda msaragambo siku ya kuzibua mfereji, atakwambia faini aliyotozwa. Programu huria ni msaragambo. Mmoja anaandika, mwingine anatafsiri, mwingine anaripoti hitilafu, na asiyejua lolote anamfundisha jirani kile kidogo alichokishika.

Na hapa lawama inageuka kutuelekea sisi wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, mradi wa Kilinux ulitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Msomaji, fikiria maana yake: kuandika barua, kupiga hesabu za ada, kuandaa mtihani, vyote kwa lugha anayoielewa mpishi wa shule, na katika mashine yoyote ya kawaida. Tuliipokeaje? Sikuona chuo hata kimoja, kati ya nilivyovipitia kwa ukaguzi na usimamizi wa mitihani, kilichokuwa kikiitumia. Tuliendelea kusema kwamba vijana wetu hawaelewi kompyuta kwa sababu ya Kiingereza, huku mlango wa Kiswahili ukiwa wazi na hakuna anayeingia. Wenzetu wa Namibia, kuanzia mwaka 2000, kupitia shirika la SchoolNet, walipeleka mashuleni kompyuta zilizokwishatumika zikiendeshwa na Linux. Hawakuwa matajiri wa kuchezea vitu. Waliamua tu.

Nimeambiwa hoja ya ajira. Ati mwanafunzi akijifunza Linux atakosa kazi, maana maofisi yana Windows. Hoja hii ingenisumbua kama ningekuwa sijafundisha. Chuoni tuliwafundisha walimu kutengeneza zana za kufundishia kwa vifuu, maboksi na vizibo vya soda, si kwa sababu tulidhani shule zote zingekosa zana za kiwandani milele, bali kwa sababu aliyetengeneza abakasi kwa mkono wake anaielewa namba kuliko aliyeletewa. Huko ndiko Mwalimu Nyerere alikotuelekeza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kijana aliyejua meza ni nini, stoo ni nini, na jinsi ya kumtambua mla posho anayelala, atakaa mbele ya mashine yoyote na kuimudu kwa wiki moja. Aliyekariri mahali kitufe kilipo atapotea siku kitufe kitakapohamishwa, na hao wauzaji wanavihamisha kila mara.

Jambo jingine halisemwi hadharani, nami nitalisema kwa kuwa nimestaafu. Sehemu kubwa ya hizo Windows tunazozitetea si zetu. Ni nakala za wizi, zimewekwa na vijana wa mitaani kwa shilingi elfu kumi, zikiwa zimevunjwa kufuli na mara nyingi kutiwa wadudu humohumo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta. Basi mkuu wa shule anamchapa mtoto aliyeibia mtihani, ndani ya jengo ambalo kila mashine yake imeiba. Kisha anashangaa mashine ni nzito, wakati mwizi aliyeingizwa ndani anafanya kazi zake usiku na mchana! Programu huria, pamoja na kuiongezea mashine kasi, zinamwondolea mwalimu aibu hiyo kwa siku moja.

Sisemi mambo yote ni laini. Printa ya shule ile hadi leo inakubali kuchapa kurasa za kushoto tu na sielewi ina kinyongo gani. Mhasibu ana programu moja ya mahesabu isiyokubali Linux, naye ameachiwa mashine yake kama ilivyo, na ni haki. Kijana alipoondoka, walimu wawili walisusa kwa wiki tatu. Mmoja wao sasa ndiye anayewaonyesha wengine jinsi ya kutumia Kiwix, programu huria inayomwezesha mwanafunzi kusoma Wikipedia bila intaneti, ambayo huku kwetu inakuja na kutoweka kama mvua ya rasharasha.

Mchango wa elfu arobaini ulisitishwa, si kufutwa. Orodha ya bei ya yule fundi bado iko kwenye jalada, na nasikia ajenda inarudishwa kikao kijacho, safari hii kwa kisingizio cha hiyo Oktoba 2025. Nimewaomba wazazi wachache tunaosali pamoja wafike mapema na wakae viti vya mbele. Wamwombe mkuu wa shule awashe mashine moja mbele ya kikao, wapime kwa saa ya mkononi, kisha aeleze ni ipi kati ya zile kumi na saba iliyokufa, imekufa kwa ugonjwa gani, na nani ameipima.